Kauntabuku la Makaburi ya Itobela

Jumatatu, 5 Juni

Mimi, Eliya Masolwa, niliyesoma darasa la nne lote na la tano miezi mitatu, ndiye mtu pekee aliyebaki hai anayejua kila kaburi kwenye mahame ya Itobela na kandokando ya njia ya zamani ya misafara, kuanzia kisimani mpaka unapoanza kuuona mnara wa simu wa Tura. Ndivyo nilivyomwambia mtendaji wetu wa kijiji leo asubuhi, mbele ya watu, mkono kifuani kama mtu anayeapa.

Mtendaji ni binti wa Bukoba, anaitwa Advera. Aliandika yote. Kisha akafungua kabati akanipa kauntabuku hili, jipya, bado linanuka duka.

"Babu, humu utatuandikia jiografia, historia na uchumi wa kitongoji, kwa ajili ya faili. Nyuma uorodheshe makaburi."

"Na kurasa zikibaki?"

"Zitakuwa zako, babu."

Maana yake ni hii. Reli mpya inahitaji njia ya malori yake, na njia hiyo itakata katikati ya mahame, pale tulipokuwa tunaishi kabla Operesheni ya mwaka sabini na nne haijatusogeza huku. Kila mwenye kaburi alionyeshe kabla Julai haijaisha. Likionyeshwa litahamishwa kwa heshima, na mchungaji au shehe atakuwepo. Lisipoonyeshwa, malori hayatajua kama lipo.

Sasa nimefika nyumbani, nimevua viatu, acha niseme kweli. Nilichosema ofisini ni uongo. Nimehesabu kwa vidole, nayajua tisa. Na mojawapo ya nisiyoyajua ni la mwanangu wa kwanza, Magreth, aliyekufa mwaka sabini na moja akiwa na mwaka na nusu, mimi nikiwa kambi ya asali huko porini.

Mke wangu Recheli analijua. Yuko hapo uani anapepeta karanga. Kutoka kwenye kigoda changu ni hatua nane. Leo sijamuuliza. Hii leo ina miaka hamsini na miwili.

Jumanne, 6 Juni

Upepo. Sikumuuliza.

Alhamisi, 8 Juni

JIOGRAFIA. Itobela iko kilimani, ingawa mtu wa Kilimanjaro akikiona kilima chetu atakikalia akidhani ni kigoda. Mashariki kuna Tura na reli ya Mjerumani. Magharibi ni pori, halafu pori, halafu Tabora mjini, siku ukijaliwa kufika. Mvua huanza Novemba na kukoma Aprili. Sasa ni kipupwe, asubuhi unatetemeka, mchana unakula vumbi.

HISTORIA. Zamani misafara ya pembe ilipita hapa kwenda pwani na kurudi. Wapagazi walikunywa maji ya kisima chetu, wakalala, wengine wakaugua wakabaki moja kwa moja. Kisha Mjerumani akapitisha treni Tura, misafara ikafa, Itobela ikabaki na kisima kikubwa na wanywaji wachache. Mwaka sabini na nne Serikali ikatusogeza ili tuwe karibu na barabara. Baadaye barabara nayo ikasogezwa.

UCHUMI. Asali, karanga, tumbaku kidogo, na duka la Abdulatifu.

Nimemaliza. Sikujua kwamba mahali pote nilipozaliwa patatoshea ukurasa mmoja.

Jumanne, 13 Juni

Nimempelekea Abdulatifu asome. Huyu ni mwenye duka, mtu wa Mtendeni pale mjini, ukoo wa wachuuzi. Alikuja Itobela miaka thelathini iliyopita kuuza sukari kwa wiki mbili, hajaondoka mpaka leo. Amesoma akiwa amevaa miwani ya marehemu mama yake.

"Historia hii haina adabu," akasema. "Umewataja wapagazi, hujataja wenye misafara. Babu yangu alikuwa mwenye msafara."

"Babu yako alikuwa amebeba kuku wa mwenye msafara."

"Na wako?"

"Wangu alikuwa anamuuzia maji mbeba kuku."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye gunia la mchele. Halafu, akiitafuta bila kunitazama, akauliza, "Mzee Eliya, la mtoto wako utalionyesha lini?"

Nikamwambia nina haraka, nimeacha chungu motoni. Watu wote wanajua sijawahi kuweka chungu motoni.

Jumamosi, 17 Juni

Amekuja Mturuki kununua asali. Ni msimamizi wa mitambo kwenye kambi ya ujenzi, mtu mnene mwenye masharubu kama fagio la choo. Ana miaka minne Tanzania, Kiswahili chake kina mbavu lakini hakina nyama. Anaitwa Dursuni.

Alionja kwa kidole, akafumba macho, akasema, "Babu, hii asali iko moshi ndani."

Nikamwambia, "Asali yetu huvuta sigara kidogo kabla ya kutoka mzingani."

Hakuelewa, au alielewa akanipuuza. Aliniambia kwao nao wanafuga nyuki, milimani. Nikamwonyesha mizinga yangu ya magome uani. Aliinama akaigusa kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani. Alipoondoka nilimfundisha kusema "mwangaluka" kwa wazee asubuhi. Ilikuwa saa kumi jioni. Nimesikia amewasalimia hivyo watu wote njiani mpaka kambini.

Jumapili, 18 Juni

Kanisani. Mchungaji katangaza habari ya makaburi. Recheli alikuwa kwenye kiti cha mbele na kina mama. Niliuona mgongo wake tu. Mgongo haukusema kitu.

Jumatano, 21 Juni

Baridi. Sikumuuliza.

Jumamosi, 24 Juni

Dursuni amekuja tena, amekaa muda mrefu. Kwa kuwa nilishaandika kijiji chetu, nimeandika na chake, tuone faili la Serikali litasemaje.

JIOGRAFIA YA KWAO. Alisimamisha kiganja wima kama ukuta. "Kwetu mlima hii. Nyumba juu ya nyumba. Mlango yangu iko sawa na paa ya jirani." Nikamuuliza mlevi anarudije nyumbani. Akasema harudi, analala mtoni. Desemba mpaka Aprili theluji inafunika njia, watu wanakaa ndani na ng'ombe chini ya sakafu ili joto lipande. Nyumba ni za mawe chini, mbao juu.

HISTORIA YA KWAO. Zamani nyumbu walipita hapo wamebeba chumvi, wakivuka mlima kwenda upande wa pili. Palikuwa na nyumba ya kulala wageni, na kisima. Kisha barabara ya magari ikapitishwa bondeni. Nyumbu wakafa, vijana wakaenda mijini na Ujerumani. Alipokuwa mdogo mioshi ya asubuhi ilikuwa sitini. Sasa wakati wa baridi ni kumi na miwili. Mjerumani kapita kila mahali.

UCHUMI WA KWAO. Asali, kokwa za jozi, mahindi kidogo, na ng'ombe wanaopandishwa juu kabisa wakati wa joto, wanawake wakienda nao. Mizinga ni magogo yaliyotobolewa, wanaitundika kwenye majabali kwa sababu ya dubu.

"Dubu ni mnyama gani?"

"Kama mtu mnene, iko nywele, napenda asali."

"Kama wewe."

"Kama mimi."

Nikamuuliza maana ya jina lake. Alisema mama yake alizaa wawili kabla yake, wote wakafa. Alipozaliwa yeye wakampa jina hilo, maana yake "akae", yaani asiondoke. Nikamwambia hata huku tunao kina Mateso na Shida, ni wale wale.

"Wewe, babu, ngapi watoto?"

Nikasema mmoja, Festo, fundi wa kuchomelea mjini. Recheli alikuwa anatuwekea chai. Aliiweka, akaenda zake.

Nimesema mmoja.

Jumamosi, 1 Julai

Tumetembea mahame mimi, Advera na vijana wa vigingi. Mimi mbele na fimbo, kama Musa. Nyumba hakuna tena, ila minyaa ya ua imebaki imesimama kwenye mistari, ndiyo inayokuonyesha palikuwa kwa nani. Nikaonyesha la babu yangu, la bibi zangu wawili, la mganga Kapela, la wale mapacha. Kila moja linapigwa kigingi chenye utepe mwekundu na namba.

Tulipofika la tisa nikawa nimekwisha. Na watu wananitazama.

Basi nikaenda kwenye kichuguu kimoja cha chini, kilichomomonyoka, nikavua kofia.

"Hapa," nikasema, "amelala mpagazi. Alikuwa na kidole cha sita. Aliumwa tumbo akitokea Ujiji."

Advera akainamisha kichwa. Vijana wakapiga kigingi. Namba kumi.

"Jina lake, babu?"

"Hakuliacha."

Alifuta jasho, akasema, "Babu Eliya, wewe ni maktaba." Nikamwambia aache uchokozi, mtu wa Bukoba, mla senene. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na la familia yako? Mzee Abdulatifu aliniambia kuna mtoto."

Nikasema hilo ni la mwisho, nalihifadhi.

Ijumaa, 7 Julai

Sabasaba. Redio imesema mengi. Sikumuuliza.

Jumanne, 11 Julai

Vumbi limeingia mpaka kwenye uji. Mtambo wa kuchimbua, ule wanaouita skaveta, umeanza kazi upande wa kisima. Unasikika tangu asubuhi hadi jioni, hauna hata pumzi ya kumeza mate. Recheli akisema neno inabidi arudie. Yeye harudii.

Ijumaa, 14 Julai

Leo nitaandika kirefu. Si kwamba nina huzuni. Nimejipapasa ndani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, sikugusa kitu.

Nilimkuta Dursuni kivulini anakula tikitimaji. Aliniambia sehemu ya chini ya kijiji chao sasa iko chini ya maji, bwawa la umeme. Kabla ya maji kupanda walihamisha makaburi, wakayapandisha kwa malori mpaka juu. Yeye ndiye aliyesimamia la bibi yake, kwa kuwa baba yake alikuwa kazini Ujerumani, hakupata ruhusa.

"Baba kupiga simu. Kuuliza, mama yangu sasa iko wapi? Mimi kusema, mstari tatu, upande ya ukuta. Baba kusema, asante. Kukata."

"Basi?"

"Basi. Mwaka mbili, baba kufa. Hapana kuja kuona mstari tatu."

Akanikatia kipande cha tikiti. Tukala. Tukatema mbegu.

Nikiwa njiani kurudi nikakumbuka jambo ambalo huwa silikumbuki, maana nimelizungushia minyaa. Mwaka ule, sabini na moja, tuliondoka kwenda kambi ya asali wanaume saba, mwezi wa sita. Kambini hukupata habari ya nyumbani, na nyumbani hawakujua uko korongo gani. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Mtu akifa huzikwa, wewe ukirudi unaambiwa. Nilirudi mwezi wa nane, na vibuyu vimejaa. Mjomba wangu alinipokea njiani akaniambia, "Pole, Eliya. Mtoto hayupo." Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa mtu wa vichekesho tayari, wenzangu sita nyuma yangu wanangoja niseme nini. Nikasema, "Basi mwaka huu asali itatutosha."

Hakuna aliyecheka. Recheli alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya kuninawisha. Aliyasikia. Alininawisha.

Hiyo ndiyo sababu. Si usahaulifu, wala si Operesheni. Mtu aliyesema hivyo atauliza kwa mdomo upi, "Mmemlaza wapi?" Nikasema nitauliza kesho. Miaka mitatu ya kesho, ndipo tukahamishwa, na mahame yakaota majani.

Jumatano, 19 Julai

Nimepakua mizinga minne. Ule wa kwenye mninga mkubwa kule mahame ndio ulionipa zaidi, kama kila mwaka. Masega meupe kama meno ya mtoto wa shule. Nimemwekea Recheli sega kwenye sahani. Alisema hataki, ana karanga.

Alhamisi, 20 Julai

Sikumuuliza.

Ijumaa, 21 Julai

Sikumuuliza. Advera amepita, "Shikamoo babu, zimebaki siku kumi." Marahaba. Najua kuhesabu.

Jumatatu, 24 Julai

Wamechoma majani pori la kusini. Jua limekuwa jekundu kama jicho la mlevi. Sikumuuliza.

Alhamisi, 27 Julai

Nimemuuliza.

Sikupanga. Tulikuwa uani tunabangua karanga za mbegu, yeye na ungo wake, mimi na wangu, na mtambo unanguruma huko. Nilitaka kusema, "Mama Festo, nisogezee maji." Ikatoka, "Mama Magreth."

Hakuna aliyemwita hivyo tangu mwaka ule. Alikuwa Mama Magreth kwa mwaka na nusu. Kisha watu wakaona aibu, wakamwita Recheli tu, miaka miwili, mpaka alipozaliwa Festo akapata jina la kujisitiri. Vidole vyake vilisimama na karanga moja katikati.

"Umesema nani?"

"Nimesema Mama Magreth."

"Unataka nini?"

"Nataka kujua yuko wapi."

Akaibangua ile karanga. Akaitia kwenye ungo. Akasema, "Vaa viatu."

Yeye mbele, mimi nyuma. Ana miaka sabini na mmoja, lakini njia ya mahame alikuwa akiipita bila kutazama chini, kama mtu anayekwenda jikoni kwake. Tukapita minyaa ya kwa babu. Tukapita mpagazi wangu na utepe wake mwekundu, hakumtazama. Nilidhani anaelekea kwenye mapacha. Hakwenda kwa mapacha. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mninga wangu, akakaa kwenye mzizi, akanyoosha miguu.

"Ndipo hapa."

"Mama, hapa ni kwenye mzinga wangu."

"Hapa ni kwa Magreth. Mzinga ulikuja baadaye."

Kwa asiyejua kazi yetu nieleze. Kila mrina asali ana alama yake, anaichonga kwenye mzinga na kwenye shina la mti wake. Yangu ni mikato mitatu iliyosimama na mmoja uliolala juu yake. Mti wenye alama haukatwi na mtu, na hakuna mtu atakayechonga alama ya mwenzake, hata mwizi wa asali hafanyi hivyo. Kwa hiyo ukiuona mti una alama yako, ni wako. Hujiulizi. Ni kama kuuona mkono wako.

"Alama hii uliichonga lini?" akaniuliza.

"Ujanani. Mwaka siukumbuki."

"Huukumbuki kwa sababu hukuichonga. Nimeichonga mimi, kwa panga la baba yako, siku ya tatu baada ya kumzika. Ilinichukua tangu asubuhi mpaka mchana, panga lilikuwa butu. Nilijua hakuna atakayeukata mti. Na nilijua wewe ukirudi utapita hapa, utaona alama yako kwenye mti ambao hukuutia alama. Utashangaa. Utakuja kuniuliza, nani kafanya hivi?"

"Halafu?"

"Halafu ukaja umebeba mzinga."

Nikaitazama ile alama. Gome huwa linaota, alama inajifunga, kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa tunaichonga upya. Nimeichonga upya kwa kisu changu mara sijui ngapi. Nimepita juu ya mikato yake, nikaikuza, nikaisafisha, nikaona ni kazi nzuri ya ujana wangu.

Misimu zaidi ya arobaini nimekula asali ya pale. Nimempa mchungaji. Nimemuuzia Abdulatifu. Mwezi uliopita nimemuuzia Dursuni, akafumba macho.

"Ndiyo maana huli," nikasema.

"Ya hapa siwezi."

"Ungeniambia."

"Wewe uliniuliza?"

Nikakaa kwenye mzizi wa pili. Nikangoja nisikie kitu. Kuna mwiba ukikuingia mguuni unajua umeingia, damu unaiona, ila maumivu yako njiani bado hayajafika. Nilikaa hivyo. Nilitafuta hata kichekesho, maana ndicho huja kwanza kwangu, nikakuta pakavu.

Kisha nikamuuliza aliumwaje, siku zile za mwisho zilikuwaje.

Recheli akasema, "Nikikuambia leo, kesho utakuwa dukani kwa Abdulatifu unaisimulia, na mwishoni utaitia mkia watu wacheke. Nakujua, Eliya. Nitakuambia hapahapa, siku watakapomtoa. Nitasema mara moja. Wewe utasikiliza, basi."

Mtambo ulikuwa unanguruma upande wa kisima. Maneno hayo nimeyasikia kwa kumtazama mdomo.

Ijumaa, 28 Julai

Nimemwonyesha Advera. Kigingi, utepe, namba kumi na moja. Alimwamkia Recheli kwa magoti mawili, hapo kwenye vumbi, na sketi yake ya ofisini. Sitamtania tena habari ya senene, mpaka mwezi wa tisa.

Tukiwa peke yetu nikamwambia, "Binti yangu, namba kumi si mpagazi."

"Ni nani?"

"Ni kichuguu."

"Na kidole cha sita?"

"Nilikiongeza mimi."

"Babu, ripoti imeshakwenda wilayani."

"Basi waje wakihamishe kichuguu kwa heshima."

Alijaribu kukasirika, akashindwa, akageuka upande kucheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia afute, na kule mbele alipoandika kwamba najua yote aandike najua tisa, na la kumi nimeonyeshwa na mke wangu.

Jumapili, 30 Julai

Nimeushusha mzinga wa mninga. Nimeuhamishia mti mwingine, mbali. Asali iliyobaki nimeimwaga kwenye shina. Siafu wamekuja wote na jamaa zao.

Jumatatu, 31 Julai

Mwezi umekwisha. Karanga zimekwisha kubanguliwa.

Jumatano, 2 Agosti

Nyuki wameukataa mti mpya. Wamerudi mninga, hawakuukuta mzinga, wamezunguka, wakaona skaveta ya Dursuni iliyokwishafika karibu, wakatua kwenye mkono wake kama kanzu nyeusi. Dereva aliruka akakimbia, kofia huku, kiatu kule. Dursuni akanipigia simu.

"Babu! Njoo! Nyuki ya huku hapana nyuki, hii simba!"

Vijana wa kambi walishaleta dizeli na viberiti, wanataka kuwachoma. Dursuni amesimama mbele yao amenyoosha mikono, anafoka kwa Kituruki, hataki nyuki wachomwe. Uso wake ulikuwa umeshavimba, jicho moja limefungwa.

Nilipaka mzinga mtupu nta na asali kwa ndani, nikautundika ubavuni mwa ule mkono wa chuma, nikawafukizia kidogo kidogo kwa magome. Walianza kuingia saa tisa. Saa kumi na moja na nusu walikuwa ndani wote. Nimeumwa mara nne tu. Ningeandika mara ishirini, ila mwezi huu nimeacha.

Dursuni alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Babu, mimi iko deni yako. Sema nini unataka."

Nikasema nitafikiri.

Alhamisi, 3 Agosti

Abdulatifu anasema nidai buti za kambini, zile zenye chuma kidoleni. Anasema na yeye ni namba nane, endapo watatoa jozi mbili.

Recheli amenyoosha kanga atakayovaa Jumatatu, siku ya kumhamisha Magreth, ameikunja, ameiweka kitini. Jioni alipoita "Baba" aliacha kidogo, kama mtu anayechagua jina, halafu akasema tu, "Baba, chakula."

Ijumaa, 4 Agosti

Barua ya Dursuni naiandika humu kwanza, kesho nitainakili kwenye karatasi safi. Advera atamsomea polepole.

Dursuni, mwangaluka, saa yoyote utakapoisoma.

Uvimbe wa jicho upake kitunguu, usipake dawa ya meno kama walivyokushauri wale wahuni. Nyuki wako salama. Nimewapeleka upande wa korongo, safari hii wamekubali.

Jumatatu saa tatu asubuhi mchungaji atakuja kwenye mninga wenye kigingi namba kumi na moja. Tutakuwa wachache. Mke wangu Recheli atakaa chini kwenye mzizi na kunieleza jambo, na amesema atalieleza mara moja tu. Yeye sauti yake ni ndogo, na mimi sikio la kushoto lilishakufa, hili la kulia linajikongoja. Skaveta yako itakuwa inachimba mita hamsini kutoka hapo.

Ulisema una deni langu. Buti sitaki. Nakuomba uzime injini. Si siku nzima, Recheli si msemaji. Simama mahali unapoweza kumwona. Akikaa chini, zima. Akiinuka, washa.

Eliya Masolwa